Pointi Kumi na Tisa za Constance

Ninyi mnaonifuata tangu wiki ya kwanza mnajua nilivyopoteza kazi kwenye shamba la chai, nilivyogombana na shemeji zangu wote, na jinsi nilivyopata kiti cha katibu wa jury, yaani baraza la mitihani, kwenye institut moja ya ualimu hapa Bukavu ambayo sitaitaja jina. Anayeanza kusoma leo hajakosa mengi. Ajue tu kwamba naitwa Polycarpe, kwamba kazi yangu ilikuwa kuhesabu pointi za wanafunzi, na kwamba mwaka ule wa 1977 binti yangu Constance alikuwa akimaliza masomo palepale.

Ijumaa tulibandika matokeo na Constance akatoka wa kwanza. Jumamosi asubuhi nikaokota karatasi chini ya mlango wetu, Nyalukemba. Iliandikwa kwa herufi kubwa: CITOYEN SECRÉTAIRE, HESABU TENA GÉOGRAPHIE.

Wiki iliyopita niliwaacha hapo, mimi nimesimama mlangoni na karatasi mkononi.

Niliikunja nikaitia ndani ya soksi. Soksi, ndiyo, kwa sababu mke wangu Adélaïde hupekua mifuko. Yeye alikuwa ameshatembea Nyalukemba nzima akitangaza ushindi, na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ya sherehe ilikuwa inachacha kwenye mtungi nyuma ya jikoni. Sikutaka aone neno lolote la kumpunguzia furaha.

Tena haikuwa furaha ya bure. Kwenye institut yetu, anayetoka wa kwanza mwaka wa mwisho hubakizwa kuwa assistant. Anapewa nyumba, anafundisha wanaoingia, anakaa mjini. Wengine wote serikali inawatupa inakotaka, na mtu anaweza kwenda kufundisha mahali ambapo barua inafika mara mbili kwa mwaka. Nafasi ni moja tu. Constance aliitaka tangu mwaka wa kwanza, na mimi niliitaka kuliko yeye.

Nieleze kidogo kazi yangu, maana wengi wanadhani kuhesabu pointi ni kujumlisha tu. Kila somo lina uzito wake. La uzito wa nne, pointi alizopata mwanafunzi juu ya ishirini unazizidisha kwa nne. La uzito wa mbili, unazidisha kwa mbili. Unajumlisha yote, unagawanya kwa jumla kuu, unapata asilimia yake. Mwaka ule jumla kuu ilikuwa 600. Constance alikuwa na 423, yaani sabini na nusu kwa mia, na hiyo tunaiita distinction. Wa pili alikuwa Floribert, mtoto wa wakulima wa Luvungi, aliyepata 418. Pointi tano zilimtenga na nyumba ya assistant.

Mtaniuliza kwa nini baba alihesabu darasa la binti yake. Nami nilijiuliza, lakini kwa sauti ndogo. Ile mashine ya kuhesabu, ya kuzungusha kwa mkono, hakuna mwingine aliyeijua, na jury ilikuwa na haraka ya kwenda likizo.

Jumamosi ileile nilijifungia ofisini. Nilizungusha mkono wa mashine mpaka bega likauma. Géographie, uzito wa mbili: Constance 19, mara mbili 38. Floribert 12, mara mbili 24. Nilipita wanafunzi wote ishirini na watatu, kisha nikapita masomo mengine pia. Jumla zilikuwa zilezile, hata pointi moja haikuteleza.

Basi nikasema, hesabu iko sawa, mtu ndiye si sawa. Kuna mtu anataka kuniondoa.

Floribert nilimfikiria kwanza, nikamwacha. Alikuwa mpole mno, halafu hakupajua kwetu. Aliyebaki ni Grégoire, mpiga chapa wetu. Yeye ndiye aliyepiga ile listi ya matokeo, kwa hiyo aliziona pointi zote. Kiti changu alikitaka kabla mimi sijakipata. Na Ijumaa, wakati watu wananipongeza mbele ya ubao wa matangazo, nilimwona akitabasamu. Nilijua Grégoire hana tabia ya kutabasamu.

Jumatatu nikamtegea. Nilimpelekea sanduku la makaratasi nikamwomba aandike juu yake, kwa herufi kubwa, GÉOGRAPHIE. Akaandika bila kuuliza. Nikaenda nalo chooni, nikatoa ile karatasi kwenye soksi, nikalinganisha. G ya kwenye karatasi ilikuwa na mkia mrefu. Ya Grégoire haikuwa na mkia kabisa.

Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo. Mimi nilijiambia: ameona mtego, akabadilisha mwandiko, na anayebadilisha mwandiko ana jambo anaficha.

Niliporudi aliacha kupiga chapa akanitazama.

"Polycarpe, unaniangaliaka tangu asubuhi. Uko na kintu ya kuniambia?"

Nikamwambia sina. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi wa masomo.

Nilimweleza kwamba siri za jury zinatoka nje, kwamba kuna mtu anawachochea wanafunzi juu ya pointi za géographie, na kwamba makaratasi yale yalipita mikono miwili tu, yangu na ya Grégoire. Karatasi yenyewe sikuionyesha. Nilisema nimesikia. Mkurugenzi aliogopa neno uchochezi kuliko alivyoogopa ugonjwa, maana kwenye institut kulikuwa na watu wa Chama waliokaa wakisikiliza kila kitu. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Hesabu yako, uko hakika nayo?"

"Niko hakika, citoyen directeur."

Kabla ya saa sita Grégoire alisimamishwa kazi. Alifunika mashine yake kwa kitambaa, akachukua koti lake, akapita mbele yangu bila kuniuliza kitu. Nilitaka anitukane, ili niwe na sababu. Hakunitukana.

Jioni tulikaa mezani, bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani, na mimi nikawa na maneno mengi. Niliwahadithia Adélaïde na Constance jinsi nilivyomnasa adui. Adélaïde alisema Grégoire tangu zamani ana macho ya wivu. Constance aliacha kula. Alinawa mikono, akanifuata uani nilipotoka kunawa.

"Papa, haiko Grégoire. Ni miye niliandika ile karatasi."

Nilicheka. Nikamwambia hata kumtetea mtu kuna mpaka. Yeye akatoa ndani ya daftari lake feuille ya mtihani wa géographie, ile ambayo mwalimu alikuwa amewarudishia. Juu kabisa, kwa wino mwekundu, paliandikwa 19/40.

Niliisoma mara ya pili, nikaigeuza upande wa nyuma kana kwamba huko kuna maelezo mengine.

"Muzee Télesphore haandikake sur vingt," Constance akasema. "Yake iko sur quarante. Yeye mwenyewe anaizidishaka kabla ya kukupatia. Nilihesabu pointi zangu zote, 423 inapita na 19."

Na hapo nikaelewa, na ninawaomba mnielewe na ninyi. Mzee Télesphore alifundisha miaka ishirini na miwili kwenye collège kabla ya kuja kwetu mwaka ule. Kule uzito unaingia palepale kwenye pointi: somo la uzito wa mbili linasahihishwa juu ya arobaini, mwalimu anaandika, basi. Kwetu walimu wote huandika juu ya ishirini, kisha katibu anazidisha. Hakuna aliyemwambia mzee, na yeye hakuuliza.

Mwalimu mwingine angejulikana haraka. Ningeona 31 au 35 kwenye safu yake, ningeshtuka. Lakini Télesphore alikuwa mkali. Kati ya watu ishirini na watatu, hakuna hata mmoja aliyefika nusu ya arobaini yake. Safu nzima ilikuwa 9, 12, 14, 17, na juu ya wote 19 ya Constance. Niliziona, nikadhani ni juu ya ishirini, nikasema kumbe mzee amelainika. Nikazidisha mara ya pili.

Na kosa lile liliwapa zaidi waliokuwa na zaidi. Constance nilimpa 38 mahali alipostahili 19. Floribert nilimpa 24 badala ya 12. Sikuhitaji mashine. Mia nne ishirini na tatu utoe kumi na tisa, inabaki 404. Mia nne kumi na nane utoe kumi na mbili, inabaki 406.

Distinction ya Constance ilikuwa imekwenda. Na wa kwanza alikuwa Floribert, kwa pointi mbili.

Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nikamuuliza binti yangu kwa nini hakuniambia mdomo kwa mdomo, kwa nini karatasi chini ya mlango kama mtu wa mtaani.

Alikuwa anaangalia miguu yake.

"Nilizani ulijua, Papa. Nilizani ulifanya kusudi, ju yangu."

Nimeshafukuzwa kazi mbele ya watu. Nimeshaitwa mwizi na shemeji yangu kwenye matanga. Hakuna lililoniuma kama lile. Siku tatu nilikuwa nimeshuku kila anayepumua, na wakati huohuo ndani ya nyumba yangu mwenyewe nilikuwa nashukiwa mimi, na mtoto niliyemfundisha kuhesabu kwa vidole vyake.

Nikamwapia kwamba sikujua. Sijui kama aliniamini. Alisema tu kwamba kesho lazima niende kwa mkurugenzi, kwa sababu ya Floribert na sasa kwa sababu ya Grégoire pia. Nikamwambia nitakwenda, lakini kwanza nimwone mzee Télesphore, nisikie kwa kinywa chake. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayefanya kazi vizuri. Ukweli ni kwamba nilitumaini mzee ataniambia ni juu ya ishirini, kwamba ile arobaini ya wino mwekundu ilimponyoka.

Jumanne mchana nilipanda kamioneti hadi Mudaka. Nilimkuta Télesphore nyuma ya nyumba yake anageuza kahawa juu ya mkeka. Miwani yake aliifunga kwa uzi. Tunajuana miaka minne, tangu akiwa collège, lakini hakunikaribisha kiti. Aliangalia nyuma yangu kwanza, barabarani.

"Nani amekutuma?"

Nikasema nimekuja kwa miguu yangu. Nikamuuliza juu ya géographie. Aliendelea kugeuza kahawa. Halafu akasema kwamba tangu azaliwe hajawahi kuandika juu ya ishirini, na kwamba mimi nilipaswa kulijua hilo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kisha akaongeza kitu ambacho sikukitegemea.

"Lakini directeur alifika hapa jana saa kumi na jeep. Aliniuliza. Nikamwambia iko sur vingt."

Nilimuuliza kwa nini alidanganya.

"Classe nzima inaanguka kwa mwalimu mumoja. Batu ya Chama bataita ile nini? Bataita sabotage. Bado miaka mbili niende pension, Polycarpe. Na directeur alikuja na hasira, anasema kuko uchochezi ju ya géographie. Nani alimwambia kuko uchochezi?"

Nadhani aliliona jibu usoni mwangu, maana aliacha kugeuza kahawa. Mkurugenzi asingepanda Mudaka kama mimi nisingekwenda ofisini kwake na maneno yangu. Mzee huyu angesema kweli kwa mtu yeyote aliyemuuliza kwa upole. Mimi ndiye niliyemtisha kabla sijafika.

Aliingia ndani akatoka na karatasi. Mkurugenzi aliiandika kwa mkono wake, kwa kuwa mpiga chapa wake nilikuwa nimemfukuzisha. Ilisema kwamba pointi za géographie zimetolewa juu ya ishirini, kwamba hesabu ya jury ni sahihi, na kwamba anayesema vinginevyo anaeneza uongo wa kuharibu institut. Chini palikuwa na nafasi mbili. Kwenye ya kwanza Télesphore alikuwa ameshasaini. Ya pili ilikuwa ya katibu wa jury.

"Alisema atakutuma weye upite kusaini," akaniambia. "Nilizani njo sababu umekuja."

Hapa ningeweza kuwadanganya, maana hamkuwepo. Ningeweza kusema mzee alilia, au kwamba mkurugenzi alinitishia. Télesphore hakulia. Alisimama tu na kalamu mkononi, hata hakuninyooshea vizuri. Hakuna aliyenilazimisha.

Nilijiambia wako wanafunzi saba waliovuka hamsini kwa mia, mpaka wa kufaulu, kwa pointi chache sana, na kwamba nikirekebisha géographie wote saba wataanguka. Ilikuwa kweli, lakini si wao niliowafikiria. Nilifikiri nyumba ya assistant yenye dirisha la kuangalia ziwa. Nilifikiri Adélaïde na mtungi wake. Nilifikiri jinsi nitakavyosema mbele ya jury kwamba mimi, katibu, nimezidisha mara mbili, na kwamba aliyefaidika ni mwanangu, na ni nani ataamini sikujua wakati mwanangu mwenyewe hakuamini.

Nikasaini. Nilitumia goti langu kama meza.

Njiani kurudi nilikuwa na muda wa kuichana. Kamioneti ilisimama mara mbili, mara moja kupakia mbuzi na mara moja kwa sababu ya gurudumu. Nilikuwa nayo mfukoni muda wote. Badala ya kuichana nilihesabu watu waliokuwa wanajua: mimi, mzee, Constance. Mzee hatasema. Constance nitamwambia kwamba Télesphore amekana, na kwamba neno la mwalimu linashinda feuille moja. Nilishaipanga hata sauti nitakayotumia.

Nyumba ya mkurugenzi iko Nyalukemba vilevile, chini yetu, upande wa ziwa. Nikapita kwake kwanza ili nisibaki na ile karatasi ndani ya nyumba yangu. Alikuwa amesimama kwenye lango lake. Aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa juu wa koti lake la abacost. Akanishukuru. Akasema kwa karatasi hii kesho asubuhi Grégoire anafutwa kabisa, si kusimamishwa tena, na jina lake linapelekwa kwa watu wa Chama wamuulize ni nani alimtuma.

Nilitaka kusema neno. Nikasema usiku mwema, na ilikuwa bado saa kumi na moja.

Nilipanda kwetu kwa njia ya mkato, katikati ya bustani za watu. Adélaïde alikuwa uani anachuja kasiksi, mikono imelowa hadi kwenye viwiko. Nikamuuliza Constance yuko wapi. Alisema ametoka sasa hivi tu, amevaa nguo ya misa, amebeba daftari lake. Yule Floribert wa Luvungi alikuja hapa mchana, Constance alimwita mwenyewe, wakakaa muda mrefu wakiandika hesabu kwenye karatasi, na Floribert alikuwa anatoka jasho kama mtu mgonjwa. Halafu wakaondoka pamoja.

"Beko wapi sasa?"

"Bameenda kwa directeur. Bamepita barabara kubwa." Akajifuta mikono kwenye kitenge, akaniangalia vizuri. "Papa Constance, kuko nini? Mutoto alisema nikuambie tu kintu kimoja: usisaini karatasi yoyote kabla yeye hajarudi."